Usiirudishe bado hiyo pete

Uyole, Mbeya
14 Juni

Mwanangu Atupele,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni na simu ya mama yako, mara ya pili nimeketi na miwani. Majibu nimeona niyaandike kwa kalamu, kisha mdogo wako atayapiga picha akutumie, maana jambo hili halitoshi kwenye simu. Baridi ya mwaka huu imekuja na upepo na vidole vimekaza, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Umeniambia Lusajo amekuvisha pete ya almasi, na mwenzako wa kazini akaipiga picha, akaivuta picha kwa vidole, ndipo mkaona doa jeusi ndani ya jiwe na mstari mweupe pembeni. Duka limewapa siku 30 za kurudisha na zimebaki 11. Mkiongeza milioni moja na laki nane mtapewa jiwe safi la ukubwa uleule, na msipoongeza mtapewa safi lakini dogo. Unauliza mimi niliyekula jasho la usonara miaka thelathini ningebaki nalo au ningelirudisha.

Nilichocheka ni hizo siku 19. Umeivaa siku 19, umefua nayo, umekwenda nayo kanisani na saluni, hukuona kitu. Simu ndiyo imekuonyesha, na sasa kila ukitazama kidole unaona doa tu, pete huioni tena. Sikulaumu. Jicho likishaonyeshwa kitu haliwezi kusahaulishwa. Ila usiseme "linaonekana" kabla hatujakubaliana linaonekana na nani, na akiwa umbali gani.

Kwa hiyo kwanza ioshe. Almasi inapenda mafuta kuliko kitu chochote. Migodini, kwa miaka mingi, mchanga na changarawe vilipitishwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Mawe mengine yanateleza na maji, almasi inanata. Pete yako nayo inafanya kazi hiyohiyo kidoleni: losheni, mafuta ya maandazi, sabuni ya kipande, vyote vinaganda mgongoni mwa jiwe, mahali usipopaona, na jiwe linakuwa na ukungu kama kioo cha daladala asubuhi. Chukua bakuli (usioshee kwenye sinki, wangapi wamelia kwa ajili ya tundu la sinki), maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo, na mswaki laini wa mtoto. Sugua kwa chini, suuza, kausha. Kisha toka nje, simama kivulini, nyoosha mkono kama unayemzuia mtu, utazame. Jua kali halifai, linamemetesha hata kipande cha chupa. Ukiona doa hapo, basi linaonekana kweli. Usipoliona, ujue tunazungumza habari za kamera.

Sasa tuje kwenye hilo doa. Watu wa maduka wanaliita "kaboni", kana kwamba ni mkaa ambao haukuiva. Almasi nzima ni kaboni, kuanzia uso hadi ncha. Doa jeusi mara nyingi ni punje ya madini mengine iliyofungiwa ndani wakati jiwe linaumbwa, zaidi ya kilomita 150 chini ya miguu yetu. Wataalamu wa miamba wanazitafuta punje hizo kama dhahabu, maana kwa kuzipima ndipo wanajua umri wa almasi, na nyingi zimepita miaka bilioni moja. Punje ya namna hiyo, ikiwa imekaa tumboni mwa jiwe peke yake, haili wala haikui. Itakuwa hivyohivyo siku wajukuu zangu watakapogombania pete. Na ikiwa iko karibu na ukingo, sonara mwenye mkono mzuri analizungusha jiwe kidogo, kucha moja ya pete, yaani kijino kinachoshika jiwe, inalala juu ya doa, na habari imeisha. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja na wenye pete walifurahi.

Kinachonifanya nikuandikie karatasi tatu ni ule mstari mweupe. Umeutaja kwa maneno manne tu, "na kamstari keupe pembeni", kana kwamba ni nyongeza, na doa umelielezea nusu ukurasa. Mimi ningefanya kinyume.

Unajua watu wanasema almasi haivunjiki. Ugumu wake ni wa kutokwaruzwa. Kwenye kipimo cha Mohs ina 10, na zile yakuti samawi zilizotujia kutoka Tunduru miaka ya 1990 zina 9, na hakuna kingine cha kuikwaruza isipokuwa almasi mwenzake. Kupasuka ni habari nyingine kabisa. Unakumbuka magogo ya mlingoti nyuma ya jiko, ulivyokuwa ukinitazama nikipasua? Ukilenga shoka kwenye uzi wa mti, gogo linafunguka kama kitabu. Ukilikata kwa kukingama, shoka linarudi na bega linauma. Almasi nayo ina nyuzi zake, za pande nne, na ikipigwa kwa kufuata uzi inafunguka. Wachongaji wa zamani walizigawa almasi kubwa kwa njia hiyohiyo, kisu na pigo moja. Sasa mstari mweupe kama unyoya, ndani ya jiwe, ni ufa. Ufa uliobaki ndani hauna neno. Ufa uliofika kwenye kiuno, ule ukingo mwembamba unaozunguka jiwe ambao kucha za pete huubana, huo ni mlango.

Hili sikulisoma kwenye kitabu. Mwaka 1986 nilikuwa bado nafanya kazi kwa bwana wangu, hapa mjini Mbeya. Mama mmoja, mke wa mkulima wa kahawa wa Mbozi, alileta pete aliyoachiwa na mama mkwe wake. Kucha moja ilikuwa imelegea, inanasa sweta. Kazi ya dakika tano. Bwana alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Lupu (kile kikioo cha jichoni kinachokuza mara 10, si Lupa ile ya dhahabu ya Chunya) ilikuwa mezani, sikuivaa, kwa sababu kazi ilikuwa ndogo na mimi nilikuwa kijana. Nikashika koleo, nikabonyeza kucha taratibu. Nikasikia tk. Sauti ndogo tu, kama jino linapokuta kijiwe kwenye wali wa Kyela. Nilipoinua pete, kipande cha kiuno, kidogo kuliko chembe ya chumvi, kilikuwa kimebaki kwenye ncha ya koleo, na ule mstari mweupe ambao sikujisumbua kuutazama ulikuwa sasa umevuka nusu ya jiwe.

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akaifunga pete kwenye leso, akaifungua, akaitazama, akaifunga tena. Nililipa kwa kukatwa mshahara miezi 14. Mama yako anakumbuka, ndio mwaka tulioanza kupanda viazi huku Uyole. Kosa lilikuwa langu, si la jiwe.

Kwa hiyo, mama, kabla siku 11 hazijaisha, peleka pete kwa sonara asiyehusiana na duka lililoiuza, umlipe chochote kwa muda wake. Aitazame kwa lupu, ukiwa hapo hapo. Mwulize huo ufa unafika kiunoni au unakufa ndani, na kama unafika, uko chini ya kucha au katikati ya kucha mbili. Mwambie pia aigeuzegeuze chini ya taa ya meza akitazama ufa wenyewe. Ukitoa mwako wa rangi, wa machungwa au wa bluu kama mafuta juu ya maji, basi umejazwa kitu kama kioo ili ufichike. Kujaza huko hakudumu. Siku moja fundi atataka kukaza pete kwa moto, na kioo kitachuruzika ndani. Ukionekana mwako huo, sijali bei wala cheti, rudisha siku hiyohiyo, na usichukue jiwe jingine pale.

Cheti chenu kinasema I1, nimeona kwenye picha. Ngazi za usafi wa jiwe za GIA, maabara ya Marekani inayopima almasi, ziko 11, na I1 ni ya tisa kutoka juu. Kwa hiyo kasoro imeandikwa, na kama bei ilishuka kwa kuandikwa huko, hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kama cheti kina mchoro wa jiwe, angalia alama nyekundu, ndizo za ndani. Utaona wamekichora mpaka kile kistari. Na maabara hiyo haitoi cheti kwa jiwe lililojazwa, kwa hiyo namba ya cheti ikilingana na ile iliyoandikwa kwa leza kiunoni mwa jiwe, wasiwasi wangu wa kujazwa unapungua, ingawa jiwe linaweza kujazwa baada ya cheti. Hapo ndipo swali langu kwako linakuja, na hukuligusa kabisa: Lusajo alijua? Nadhani alijua. Nadhani alisimama pale dukani akiwa na fedha yake, akaonyeshwa dogo safi na kubwa lenye doa, akawaza mashangazi zako, akachukua kubwa. Jiwe la karati 0.9 ni gramu 0.18, uzito wa punje saba nane za mchele, lakini kidoleni linajaza macho. Ningekuwa yeye, katika umri ule, ningechagua vilevile.

Basi usiende dukani bila yeye kujua. Ukimweleza kuhusu ufa ataelewa, maana ni jambo la usalama wa jiwe. Ukimweleza kuhusu doa, chagua maneno. Wajomba zake walipoleta ng'ombe wa mahari, mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika, na baba yako mkubwa alinung'unika mpaka chai ikapoa. Nilimwambia akague kwato. Yule ng'ombe ndiye anayetupa maziwa sasa hivi.

Kuhusu milioni moja na laki nane, sipendi. Fedha hiyo ni ya harusi, na duka linajua mtu aliyeaibika na doa hulipa haraka. Usijidanganye kwamba mnaweka akiba. Dhahabu ya pete yako ukiipeleka soko la madini itapimwa na kulipwa kwa bei ya siku, jiwe halina bahati hiyo. Almasi ya dukani ukiirudisha sokoni, safi au yenye doa, unaumia. Wala usimsikilize atakayekuambia ichongwe upya ili doa litoke. Kuchonga ni kupoteza. Ile almasi ya waridi ya Mwadui, aliyopewa Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947 kwa harusi yake, ilitoka ardhini na karati 54.5 na kubaki 23.6 baada ya kuchongwa. Yako ikipunguzwa utabaki na kile kidogo safi ambacho wanakupa bure sasa.

Mimi, kwa nilichokiona kwenye picha yenu yenye ukungu, nafanya hivi. Ufa ukiwa umeishia ndani, nabaki nalo, nazungusha jiwe doa liingie chini ya kucha, naendelea na maisha. Ufa ukifika kiunoni lakini ni mfupi, na wewe unalipenda, natoa kucha zote na kulizungushia ukingo wa dhahabu pande zote ili kiuno kisipigwe na kitu, na hulivai shambani wala jikoni. Ukifika kiunoni na ni mrefu, narudisha, nachukua dogo safi, siongezi hata shilingi. Na ukiona kwamba hata fundi akikuambia ni zima bado moyo unakusuta kila ukilitazama, rudisha tu, hiyo nayo ni sababu. Lakini jipe siku tatu bila kulitazama kwenye simu kwanza.

Fundi yeyote atakayeligusa, mwambie kuhusu ufa kabla hajashika koleo. Mwambie hata kama anaonekana anajua. Na asiitumbukize kwenye ile mashine ya kuoshea inayotetemesha maji.

Usiitume huku kwa basi ili niione. Najua umewaza hivyo. Macho yangu hayatoshi tena kwa lupu, na kifurushi cha pete kutoka Dar hadi Mbeya ni safari ndefu mno ya kukosa usingizi. Nipigie Jumamosi jioni ukishatoka kwa sonara, uniambie alichosema kwa maneno yake mwenyewe, usinifupishie. Mama yako anasema mkija Agosti mje na ile sufuria yake kubwa, imekaa kwako tangu msiba wa bibi.

Baba yako