Wakili mwenzangu, kabla hujachukua fomu ya udiwani

Mawakili vijana hapa Mwanza huniuliza kama mtu anaweza kushika uwakili na umeya kwa pamoja. Mimi nimekuwa wakili na diwani, na meya hutokea huko huko: madiwani ndio wanaomchagua miongoni mwao. Inawezekana, ila anzia kwenye kabati lako la mafaili.

Kesi nyingi mjini kwetu ni za ardhi. Nyumba zimepanda milima ya mawe Mabatini na Igogo, nyingi zikitangulia upimaji, kwa hiyo halmashauri haikosekani kwenye mgogoro: mara barua ya toleo, ile inayompa mtu kiwanja, mara kibali cha ujenzi, mara zile mita 60 kutoka ziwani ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazilinda. Huwezi kuketi barazani asubuhi na mchana ukaidai halmashauri hiyo hiyo kwa niaba ya mteja.

Kabla ya kuchukua fomu niliwaita wateja wa namna hiyo. Mama mmoja alikuja na barua yake ya toleo kwenye mfuko wa nailoni, imechanika kwenye mikunjo. "Wakili, si ndiyo utanisaidia vizuri ukiwa ndani?" Nikamwambia hapana, mama. Nilimkabidhi kwa wakili mwingine na faili lake lote, na ada ya kazi ambayo sikuifanya nikamrudishia. Aliondoka amenuna. Ningefanya vivyo hivyo leo.

Ukishaapa, jambo linalokugusa likifika barazani tamka maslahi yako, toka ukumbini, kisha hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari.

Jiandae pia kuombwa usichokuwa nacho. Mkurugenzi wa halmashauri ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha zake. Meya hasaini hundi. Muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba atakulilia choo cha soko, na soko liko Ilemela, manispaa iliyojitenga na Jiji tangu 2012. Usimwache hapo, mpe jina na namba ya diwani wake.

Nguvu yako ya kweli iko kwenye kabrasha la kikao. Lisome lote, hasa mikataba na sheria ndogo za ushuru. Kipengele kimoja cha faini kinaweza kummaliza mama lishe, na wewe ndiye uliyesomea kukiona.

Ofisi mwachie mwenzako anayeshika mirathi na ndoa. Posho ya diwani hailipi pango.