Ajali ya treni ya Igandu: waulize wakiwa bado wapo

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kwenda bara, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilishindwa kupanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma. Breki hazikushika. Ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hakuna ajali ya reli iliyowahi kuua watu wengi kiasi hicho nchini, lakini nikiwatajia vijana hapa Ilala, wengi ndiyo kwanza wanasikia.

Meli ya MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria 21 Mei 1996, bado inatajwa kila mwaka, nami naona sababu. Wengi waliokufa walikuwa wa Kagera na Mwanza, na makaburi yapo Igoma, ndugu wanafika. Abiria wa treni ya reli ya kati ni wa kila mahali: Tabora, Kigoma, Shinyanga, Dar. Kila familia ililia kwao. Wenyeji wa Igandu na Msagali, jirani yake, wakabakiwa na mahali penyewe, wafiwa wakiwa mbali. Ndiyo maana ukitaka kuihifadhi kumbukumbu hii lazima uitafute pande zote mbili, kwa wafiwa na manusura, halafu kwa wenyeji.

Mimi nilianza na mjomba wangu, ambaye alinusurika. Nikimuuliza ilikuwaje, alijibu "Mungu mkubwa" na kunyamaza. Siku nilipomuuliza alikaa behewa gani, jirani yake kwenye kiti alikuwa nani na walikuwa wanakula nini njiani, aliongea mpaka adhana ya alasiri. Kwa hiyo anza na safari, usianze na kifo. Akifika kwenye kifo mwenyewe, usimkatize. Akilia, zima simu unayorekodia, kaa naye. Mengine yatasubiri.

Kijijini, pita kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti, jieleze wewe ni nani na unataka nini. Tafuta mtu wa pale anayejua Kigogo vizuri, kwa sababu mzee anayejibu kwa Kiswahili cha kumheshimu mgeni hukupa nusu ya habari. Kisha uliza swali moja: nani walifika wa kwanza? Hapo ndipo nilipopata mengi kuliko mahali pengine popote. Kuna akina mama waliotoa kanga zao kuwafunika maiti, na wanaume waliovuta watu kutoka kwenye vyuma kabla msaada wowote haujafika. Hawa hawakufiwa na ndugu, basi hakuna aliyewapa pole wala kuwauliza waliona nini. Inaniuma sana hiyo. Nao wanazeeka.

Tarehe usiwadai. Watakwambia ni wakati wa kuvuna mtama, na inatosha. Siku kamili utaithibitisha kwenye magazeti ya zamani, Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam. Soma magazeti ya siku kadhaa mfululizo, maana idadi ya vifo hubadilika kadiri miili inavyopatikana, na kila unaponakili namba, andika ni ya gazeti gani, la siku gani.

Picha za maiti usizitunze kwenye simu, usizisambaze, hata ukipewa na mtu wa karibu. Jina la marehemu omba ruhusa kwa familia. Wengine watakataa, na ni haki yao.

Ukimaliza, toa nakala. Moja iende kwa familia, nyingine ofisi ya kijiji, iliyochapwa kwenye karatasi, kwa sababu simu huharibika na laini hubadilishwa. Na kama nyumbani kwenu Dar kuna mtu aliyekuwa kwenye treni ile, au aliyekwenda stesheni kuuliza habari za ndugu, nenda ukakae naye wiki hii.