Nyumba ya pamoja baada ya talaka, Malindi

Salaam, dada. Umeuliza kama unaweza kuuza nyumba yenu ilhali mtalaka wako hataki kutia sahihi. Kwanza fanya upekuzi wa hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi, ujue mmesajiliwa vipi, kwa kuwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 wamiliki wa pamoja wasio na mafungu huuza kwa kukubaliana wote, na hata mwenye fungu lake hutakiwa ridhaa ya mwenzake. Mimi na mtalaka wangu tulimwita mthamini kabla ya dalali. Akapima hadi kisima na ukuta wa matumbawe, na bei aliyoiandika ndiyo iliyotuliza maneno, mtalaka wangu akanunua fungu langu. Wako akishikilia kukataa, tafadhali usipokee arubuni ya mnunuzi yeyote. Mwone wakili, kwani mahakama inaweza kuamuru nyumba iuzwe.