Usianze na vita: kwa mnaokuja kufanya kazi ya afya ya akili Handeni

Karibuni Tanga. Kabla hujapanda gari la kwenda Handeni, jua unaokwenda kuwaona ni akina nani. Katika makazi ya Chogo wapo Wazigua waliotoka Somalia baada ya vita kuanza mwaka 1991. Mababu zao walichukuliwa utumwa karne ya 19 wakapelekwa bonde la mto Juba. Wajukuu wamerudi huku wakiwa wakimbizi, na wengi sasa ni raia wa Tanzania. Kijiji cha Msomera nako zipo familia za Kimasai zilizohamia kutoka Ngorongoro kuanzia 2022. Usiwatie kapu moja. Aliyekimbia risasi na aliyehamia makazi mapya hawabebi mzigo mmoja, ingawa wote wanaweza kuja kwako na maneno yaleyale: kichwa kinauma, usingizi hauji.

Wengi wenu mtatoka chuoni na hamu ya kusikia kisa kizima siku ya kwanza. Achaneni nayo. Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha mtu kikao kimoja ukamsimulisha yaliyomkuta, ukidhani akimaliza atakuwa ameutua mzigo. Anza na leo.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu."
"Usiku unapitaje?"

Hapo utasikia mengi. Atakwambia anaamka saa nane na kukaa mlangoni hadi alfajiri, kwamba mjukuu hajaandikishwa shule, kwamba hajui mdogo wake alifia wapi. Ukimsaidia hilo la shule kwanza, ya Somalia atayaleta mwenyewe siku akitaka. Asipoyaleta, matibabu hayajaharibika.

Shirika hilohilo linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Maana yake wengi hawahitaji dawa. Wanahitaji shamba, karatasi zao kukamilika, ndugu kupatikana na mahali pa kufanyia ibada. Kwa hiyo ujuane mapema na afisa ustawi wa jamii na mwenyekiti wa kijiji. Mimi nawaona hao ni nusu ya kliniki.

Sasa mkalimani. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Utakuta mama anazungumza Kizigua cha kwao au Kimasai, na pembeni yupo binti yake wa darasa la sita anayejua Kiswahili vizuri. Ni rahisi kumtumia. Usimtumie. Mama aliyebakwa hawezi kulitamka hilo kupitia kinywa cha mwanawe, na mtoto akilisikia halimtoki. Mume naye si mkalimani, hata akisisitiza kwa upole. Tafuta mtu mzima wa jinsia anayoitaka mgonjwa, muulize mgonjwa kama ana neno naye (vijiji hivi watu wanajuana, na ugomvi wa mipaka ya mashamba haufi), kisha kaa naye pembeni mkubaliane: atafsiri yote, asifupishe, asitoe ushauri, asiende nayo kisimani. Unapozungumza, mtazame mgonjwa, usimtazame mkalimani.

Waganga na masheikh usiwapige vita. Uliza tu ameshakwenda wapi na amepewa nini. Mwenye kifafa, kwa mfano, mara nyingi ameshazunguka kote huko kabla ya kufika kwako, na dawa yake ya kila siku haitakiwi kukatika ghafla.

Dawa ya diazepamu nayo wataiomba sana, kwa kuwa inalaza. Kwa mtu aliyepatwa na janga wiki hizi, usiikimbilie.

Atakayezidi uwezo wa zahanati mpe rufaa. Bombo, Tanga mjini, ni hospitali ya mkoa. Lutindi, kule Korogwe, ni hospitali ya wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Lakini kabla hujaandika barua, uliza nauli itatoka wapi, nani atamsindikiza, na mbuzi atawachunga nani.