Drafti ya NHL: mimi nachukua kipaji kwanza

Mkuu umeuliza, kwenye drafti ya NHL (ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada, timu zinapokezana kuchagua madogo), raundi ya kwanza timu ichukue dogo wa uhakika au ijilipue. Mimi nasema ijilipue, ila angalia ni riski ya aina gani. 2023 Michkov, dogo mfungaji wa Kirusi, alikuwa na mkataba Urusi mpaka 2026, timu zikamuogopa, Montreal namba 5 wakabeba beki, Reinbacher, Philadelphia wakamdaka Michkov namba 7 na dogo akatua 2024, kabla mkataba haujaisha, msimu wa kwanza tu kapiga magoli 26! Riski ya mkataba inaisha ukiwa na subira, riski ya uwezo haiishi. Wachezaji wa kujaza kikosi utawapata hata raundi ya tatu, mfungaji wa vile unampatia wapi?