Kununua nyumba pwani ya Kenya ukitokea Moshi: Kiswahili chako hakikufanyi mwenyeji

Tulikuwa tumesimama chini ya mwembe, mume wangu akihesabu minazi, mimi macho yote baharini. Nikamuuliza dalali kama sisi Watanzania tunaruhusiwa kununua. Akacheka kwa sauti.

"Mama, kwani wewe mzungu? Hapa sote Waswahili. Nani atakuuliza?"

Neno hilo lilitugharimu laki moja za Kenya, ambazo kwa pesa ya kwetu ni zaidi ya milioni moja na nusu. Naandika kwa sababu tangu tupate nyumba (siyo hiyo ya mwembe, nyingine) haipiti wiki dukani kwangu hapa Mbuyuni, Moshi, bila mtu kuniuliza: "Mama, na sisi tunataka kanyumba ka mapumziko pwani ya Kenya, tuanzie wapi?" Wengi wana uwezo. Wanachokosa ni kujiona wageni.

Kwanza niseme kwa nini tulivuka mpaka, maana Tanga na Pangani zipo. Wifi yangu ameolewa Kwale, kusini mwa Msambweni, kule unakoelekea mpaka wa Lunga Lunga. Jina la kijiji nalihifadhi, majirani zangu wanasoma mtandaoni kuliko nyinyi. Tumekwenda huko kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye arobaini. Mume wangu aliendesha magari ya watalii miaka mingi, na alipostaafu alitaka mahali ambapo hataona mlima wala vumbi la hifadhi. Kama huna wifi wala shangazi huko ng'ambo, mimi nakushauri uende Pangani, au Ushongo, ukae na sheria unayoijua. Huo ndio ushauri wangu wa bei rahisi kuliko yote.

Sasa hiyo laki moja. Ile shamba ya mwembe ilikuwa na hati safi kabisa, jina la muuzaji lipo, ramani ipo. Tukatoa kishika uchumba. Wiki mbili baadaye tukaenda kwa wakili Mombasa aandike mkataba, akatutazama pasipoti zetu, akavua miwani.

"Kwa habari ya ardhi, mama, wewe na Mjerumani ni kitu kimoja."

Akatufungulia Katiba yao ya 2010, kifungu cha 65. Asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kuipanga tu, yaani kama mpangaji, na muda usizidi miaka 99. Hata karatasi ikiandikwa kwamba umeuziwa moja kwa moja na milele, sheria itaisoma kama umepanga miaka 99. Ukifungua kampuni, kampuni hiyo haihesabiwi kuwa ya raia mpaka wenye hisa wote wawe raia. Hisa moja ya Mchagga wa Kibosho inatosha kuiharibu.

Mume wangu akaleta hoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sote tunaifikiria, si ndiyo? Mpakani tunapita na pasipoti ya Jumuiya, tunagongewa muhuri bila kulipa viza. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 iliachia suala la ardhi sheria za kila nchi. Na kabla hujawalaumu Wakenya, kumbuka kwetu kubana ni zaidi: Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mkenya akitaka kakiwanja ka kupumzikia Marangu, atajibiwa hivyo hivyo.

Miaka 99 tungeikubali. Kilichotuua ni kingine. Lile shamba lilikuwa ardhi ya kilimo nje ya mji, na ardhi ya namna hiyo Kenya haiuzwi bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Sheria inaiagiza bodi ikatae endapo anayepewa si raia. Mlango unaobaki ni msamaha wa Rais. Pasipo kibali, makubaliano yenu ni batili, hata mngeshikana mikono mbele ya chifu, naibu wake na wazee wote wa kijiji. Sheria inasema pesa uliyokwisha kulipa unaweza kuidai kama deni. Haya, mdai mtu aliyezima simu.

Kabla hajaizima, dalali alitupa njia ya mwisho: tuandike jina la shemeji, mume wa wifi yangu, ambaye ni Mkenya. Jioni tukamweleza. Shemeji alikuwa anamenya muhogo, hakuinua hata kichwa.

"Shemeji, mimi nakupenda. Lakini nikifa kesho, watoto wangu watakutoa pale, na mahakama itawapa haki. Usinipe mtihani huo."

Nimekutana na watu wa Arusha waliofanya hivyo na mpaka leo wanalala usingizi mzuri. Sibishani nao. Ila mtu mwenye ardhi kwa jina lake akikukatalia mwenyewe namna ile, unashika adabu.

Tulichopata baadaye ni nyumba ndogo ya vyumba viwili kwenye kiwanja cha makazi, ambacho tangu mwanzo ni cha kupangishwa na serikali, siyo cha kilimo. Hapo hakuna bodi, lakini kuna ridhaa ya mwenye ardhi, yaani serikali, na stakabadhi za kuonyesha kodi ya ardhi na ada za kaunti hazidaiwi. Halafu ushuru wa stempu: asilimia 2 ya thamani ukiwa nje ya mji, 4 ukiwa ndani ya manispaa. Utahitaji pia namba ya mlipa kodi ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Hiyo yote wakili anaijua. Wewe kazi yako ni kutazama tarehe. Miaka 99 haianzi siku unayonunua, inaanza siku lile pango lilipotolewa. La kwetu lilianza 1979, tukanunua 2022, kwa hiyo tulinunua miaka 56. Mume wangu alisononeka. Mimi nikapiga hesabu, nikaona likiisha nitakuwa na umri wa miaka 109, nikatia sahihi.

Sachi, kama wanavyoita wenyewe kule kupekua rejista, ifanye mwenyewe na wakili wako. Usiletewe na dalali. Na ikishatoka safi, bado hujamaliza, kwa sababu pwani ile ina historia yake. Mwambao wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakauendesha tangu 1895 mpaka uhuru wa Kenya 1963. Waingereza walipoanza kusajili hati kwa sheria ya 1908, wenyeji wengi hawakupata karatasi, wakabaki wanaishi juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Ndiyo maana utakuta mtu ana hati lakini hajawahi kukaa, na mwingine amezika babu zake pale na hana hata risiti. Ukienda na hati yako mkononi, huyo wa pili hatakutazama vizuri, na mimi simlaumu.

Pia kuna jambo ambalo mtu wa kihamba, lile shamba letu la ukoo Uchaggani, ataelewa haraka. Pwani, nyumba inaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwingine. Mti nao vilevile. Kiwanjani kwetu kuna minazi sita, na minne kati yake tuliambiwa ni ya bibi mmoja jirani, alipanda marehemu mumewe. Haiko kwenye hati. Wakili alisema kisheria tungeweza kubisha. Mimi nilimpelekea bibi kilo mbili za kahawa ya nyumbani, tukakubaliana mkwezi wake apande kila anapotaka, na nazi mbili aziache mlangoni. Mpaka leo hajakosa.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Sisi Wachagga tunajua nyumba ya mapumziko kuliko tunavyokiri. Pita Kibosho au Rombo mwezi wa saba uone zile nyumba za ghorofa, mageti yamefungwa, mwenyewe yuko Dar anasubiri Desemba. Lakini kule nyumbani hata usipokuwepo, kuna shemeji, kuna mtoto wa baba mdogo, kuna mama anayekata majani ya ng'ombe mpakani. Nyumba inatazamwa bila kulipwa. Ng'ambo hakuna anayekutazamia kwa damu, mpaka ujenge hilo mwenyewe. Mlinzi wetu ni babu mmoja aliyekuwa mvuvi. Namtumia pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi kabla hajaniuliza, na nikienda sishukii nyumbani kwangu, naanzia kwake kusalimia. Wenzangu huniona napoteza muda. Aliyenipigia saa tisa usiku kuniambia bomba limepasuka ni yeye.

Bahari yenyewe sasa. Tuliiona mara ya kwanza Januari, kaskazi inavuma taratibu, maji kama kioo. Ukitaka kununua, usiende Januari. Nenda Mei. Kusi imeshika, masika yanamwagika, barabara ya kutoka lami mpaka kijijini ni tope linalomeza gurudumu, mashua ziko mchangani na samaki hakuna. Mwani umerundikana ufukweni na harufu yake inaingia mpaka chandaruani. Kama Mei ukiipenda nyumba, basi umeipenda kweli. Na ukienda, uliza siku ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku za kawaida, usimame ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, upime hatua kutoka maji mpaka msingi. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, nami nilibeba kipimo hicho hicho kichwani. Ile ya mwembe ilikuwa hatua ishirini na mbili. Sijui tungekuwa tunalia vipi leo.

Onja maji ya kisima. Siyo kunusa, kuonja, tena mwishoni mwa kiangazi. Sisi tulionja wakati wa mvua, yakawa matamu. Februari iliyofuata nilichemsha chai, ikawa kama supu, na maharage yakakaa jikoni tangu asubuhi mpaka adhuhuri yakiwa magumu vilevile. Tukanunua tangi na kuweka mifereji ya kuvuna mvua. Wenzetu wa kisiwa cha Wasini wameishi hivyo miaka mingi, hawana maji matamu ya ardhini.

Chumvi haiishii kisimani. Kufuli la geti, jipya kutoka Moshi, lilidumu miezi mitatu. Tulifika usiku, funguo ikaingia, ikakataa kuzunguka, ikakatikia ndani. Tulilala kwenye gari na mbu wote wa Kwale. Asubuhi babu alikuja na msumeno wa chuma na kikopo cha mafuta ya nazi, akasema kufuli la pwani hupakwa kila Ijumaa kama mtoto. Bawaba, misumari, waya za umeme, vyote vinaliwa. Tulitaka kuondoa makuti tuweke mabati, fundi akatukataza: mabati yataliwa na chumvi, na joto lake mchana utakimbilia nje. Makuti ni baridi, lakini ukipata miaka sita kabla ya kuezeka upya umeshukuru.

Njia ni mbili. Ukipita Holili na Taveta utashukia Voi hadi Mombasa, na sasa kwenda kusini unaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu badala ya kupanga foleni ya feri ya Likoni. Ukipita Same, Segera, Tanga, unavukia Horohoro, na sisi ndiyo tunayoipenda. Tunaondoka Moshi saa kumi alfajiri. Gari liwe na bima ya COMESA, ile kadi ya njano, na kibali cha kuliingiza kwa muda. Hayo ukiyasahau utarudishwa mchana kweupe na samaki wako hujawaona.

Mnaniuliza pia kama nitauza. Ukiuza Kenya, tangu 2023 wanachukua asilimia 15 ya faida, kwa hiyo hesabu yake si ya kufanya ukiwa na hasira. Babu alipiga simu juzi, makuti ya upande wa kusi yamechoka, yanahitajika mapya kabla ya Aprili. Mume wangu anasema nyumba haiuzwi. Nimemwambia tuezeke kwanza, tutaongea baadaye.