Mama anakuja Uingereza mara ya kwanza: usisahau kumweleza vyoo vya njiani

Ndugu yangu, umeuliza umwandae vipi mama yako anayetoka Tanga kuja kwako Birmingham kupitia Doha, na hajawahi kupanda ndege. Wenzangu wameshakujibu vizuri kuhusu viza na makoti ya baridi. Mimi naongezea jambo ambalo wengi tunaona haya kulitaja, nalo ni msalani.

Nimempokea mama yangu huku, na baadaye shangazi. Wazee wetu wakikuta choo wasichokielewa hawaulizi, wanajizuia. Na ili waweze kujizuia wanaacha kunywa maji. Mama alishuka midomo imekauka na miguu imevimba. Kumbe ndani ya ndege alifika mlangoni pa choo, akaona hakuna kitasa, akarudi kukaa. Iliniuma sana, maana ni jambo la kuelezwa kwa dakika moja tu.

Mlango ule kwenye ndege nyingi ni wa kukunja, unausukuma katikati. Ndani mwanga ni hafifu mpaka usogeze komeo, ndipo taa inawaka vizuri na nje inaonekana kuwa kuna mtu. Choo chenyewe hakimwagi maji mengi kama cha nyumbani, kinafyonza kwa nguvu na mlio wake unashtua. Ashushe kifuniko kwanza, ndipo abonyeze. Maji ya kuchambia hamna, kwa hiyo awe na chupa ndogo kwenye mkoba. Ikiwa tupu inapita ukaguzi bila shida, ataijaza akishavuka. Doha atakuta mpira wa maji pembeni ya choo, hapo atakuwa kama yuko nyumbani.

Akifika huku, ule mpira hatauona tena kwenye vyoo vya umma. Chupa yake isimtoke. Karatasi inatupwa humo humo chooni, ila zile tishu zenye unyevu ziende kwenye pipa. Kuflashi ndiko kunakowababaisha wengi: pengine ni kitufe ukutani, pengine mkono wa chuma, pengine hakuna cha kushika, kuna kijicho cheusi tu kinachokuona ukiinuka. Kisipofanya kazi, apitishe kiganja mbele yake. Bomba za kunawia nazo ziko hivyo hivyo. Shangazi alisimama mbele ya sinki akidhani maji yamekatika, kumbe ilitakiwa aweke mikono chini ya bomba.

Kama mtapanda treni, hapa aelezwe taratibu. Treni nyingi zina choo kikubwa chenye mlango wa umeme, na vitufe vyake viko mbalimbali: cha kufungua, cha kufunga, na cha kutia kufuli. Ukibonyeza cha kufunga, mlango unajifunga, lakini kufuli bado. Mtu wa nje akibonyeza, unafunguka wote, polepole, mbele ya abiria, na huwezi kuuzuia kwa mkono. Kwa mama mtu mzima aliyelelewa kwa kujisitiri, hiyo ni aibu kubwa mno. Asubiri mlango ufike mwisho, abonyeze cha kufuli, na asikae mpaka aone taa ya kufuli imewaka. Mimi husimama nje pale mpaka atoke, na sioni haya.

Vyoo vya stesheni kubwa zinazosimamiwa na Network Rail, shirika la reli la huku, ni bure tangu 2019, basi asibane haja kwa kuogopa kudaiwa hela.

Kama magoti yanamsumbua, mtafutie choo cha walemavu, kina vyuma vya kushikia. Vingi vimefungwa na vinafunguliwa kwa ufunguo mmoja uitwao Radar, unaonunuliwa kwa bei ndogo; mpango huo ulianza 1981. Mle ndani kuna kamba nyekundu inayofika karibu na sakafu. Mwambie hiyo si ya kuflashi wala ya taa, ni ya kuita msaada, anaivuta akianguka.

La mwisho, kama wewe ni mtoto wa kiume, usimweleze haya mwenyewe. Mama atasema "nimeelewa" ili mazungumzo yaishe. Piga video ya choo chako na bomba zako, mtumie dada yako au binamu aliye Tanga, wakae wawili chumbani waitazame. Mimi nilifanya hivyo kwa shangazi, akauliza maswali ambayo mbele yangu asingeyauliza kamwe.